Leo Jioni Tuitazame Miguu

Mara ya mwisho kuutazama unyayo wako ilikuwa lini? Sisemi kuumwagia maji kabla ya kulala. Nasema kukaa kwenye kigoda, kuugeuza mguu kwenye mwanga, kuutazama kisiginoni, chini ya vidole, pembeni ya dole gumba, na katikati ya kidole na kidole. Uso tunautazama kila asubuhi. Miguu tunaikumbuka ikianza kuuma.

Nawaombeni leo tuzungumze habari ya sugu za miguuni. Najua zipo habari nzito kuliko hii. Lakini nani kati yetu haitegemei miguu? Kuli wa sokoni, mama lishe aliyesimama jikoni tangu alfajiri, mwalimu mbele ya ubao, muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi wa getini, machinga anayezunguka mtaa kwa mtaa na mzigo begani: riziki ya hawa wote hupita kwenye nyayo zao. Na wengi wanavumilia maumivu ambayo yangepungua kwa beseni la maji, jiwe la kusugulia na kiatu kinachowatosha.

Sugu hutokeaje? Ngozi ikisuguliwa au ikikandamizwa mahali pamoja siku baada ya siku, hujikinga kwa kuongeza unene wa tabaka lake la juu, lile la seli zilizokwisha kufa. Tabaka hilo hukusanyika, likawa gumu na kavu. Basi. Si uchafu, wala si ugonjwa wa kuambukizana. Si alama kwamba mtu amekanyaga dawa ya mbaya wake njiani. Mkulima anazo viganjani kwa ajili ya jembe, na muumini anayeswali miaka mingi huwa nazo kifundoni na pengine kwenye paji la uso. Mwili unamlinda mwenyewe.

Tena zipo sugu ambazo hazihitaji tiba yoyote. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao, waliopima nyayo za watu wazima zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wa magharibi mwa Kenya na wengine wa Marekani. Kati yao walikuwapo waliozoea kwenda peku na waliozoea viatu. Waliokwenda peku walikutwa na sugu nene zaidi, jambo ambalo bibi yeyote wa kijijini angetuambia. Lililowashangaza wengi ni hili: sugu zile nene hazikuwapunguzia hisia ya unyayo wakati wa kutembea. Ardhi waliendelea kuisikia vizuri.

Kwa hiyo babu mwenye nyayo ngumu, zisizomuuma wala kupasuka, tumwache na nyayo zake. Sisemi tuvue viatu sote. Misumari, vipande vya chupa, funza na minyoo ya safura bado vipo, na kiatu ni kinga njema. Ninachoomba ni kwamba tusiione kila sugu kuwa ni adui wa kukatwa.

Sugu ya kiatu ni habari nyingine. Unyayo wa mtembea peku huugawa uzito sehemu nyingi, sugu ikatandaa pana na laini kwenye kingo zake. Kiatu kikibana mahali padogo, juu ya mfupa, ngozi hukusanya ugumu wake wote hapo. Ndipo huja ile sugu ndogo ya mviringo yenye kiini katikati. Kiini hicho huelekea ndani, na kila hatua unayopiga hukigongomea kama msumari kwenye nyama. Ndiyo maana kitu kidogo hivyo humfanya mtu mzima achechemee.

Ipo pia ile inayoota katikati ya vidole, mara nyingi kati ya kidole kidogo na jirani yake. Hiyo huwa laini na nyeupe kwa sababu ya jasho, na wengi huidhani ni fangasi, wakapaka dawa ya fangasi wiki kwa wiki bila nafuu. Na chunjua je? Chunjua huletwa na kirusi na huweza kuambukiza. Mara nyingi huwa na vidoa vyeusi ndani, huuma zaidi ukiibana kwa pembeni, na mistari ya ngozi haipiti juu yake. Sugu huuma ukiikandamiza moja kwa moja, na mistari ya ngozi huendelea juu yake. Ukishindwa kutofautisha, mwonyeshe mhudumu wa afya kabla ya kununua dawa.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kila nyumba ilishike. Sugu inayouma ina mahali ilipotoka, na mahali hapo mara nyingi ni kiatu. Ukiiondoa sugu ukakiacha kiatu, itarudi. Watu wamehangaika miaka na dawa moja baada ya nyingine, na kiatu kile kile kiko mlangoni kinawasubiri asubuhi.

Ichukue miguu yako leo uisome. Sugu iko juu ya kidole, kwenye kiungo kilichokunjika? Kiatu chako ni kifupi au paa lake liko chini mno. Iko ubavuni mwa kidole kidogo? Kiatu ni chembamba mbele. Iko chini, nyuma tu ya vidole, palipo na unene wa unyayo? Huenda ni viatu vya kuchuchumia, maana hivyo huupeleka uzito wa mwili mbele, au soli imeisha na unatembea juu ya mifupa yako mwenyewe. Ngozi ngumu imezunguka kisigino na imepasuka magaga? Ni ukavu wa ngozi pamoja na ndala na viatu vilivyo wazi nyuma, ambavyo huacha kisigino kitanuke pembeni kila unapokanyaga. Wapo pia ambao sugu zao hutokana na umbo la mguu, vidole vilivyojikunja au mfupa wa dole gumba uliochomoza. Hilo si kosa lao, na wanahitaji kiatu kipana kuliko wengine.

Na kiatu kikubwa je? Nacho husugua. Mguu unaoteleza ndani ya kiatu hupata malengelenge kwanza na sugu baadaye. Mwenye ndala zilizolegea hukunja vidole siku nzima ili zisimtoke, na ncha za vidole hulipa.

Wengi wetu tunavaa viatu vya mtumba, na sioni ubaya wowote. Mara nyingi ni imara kuliko vipya vya bei hiyo hiyo. Ila kumbuka kwamba kiatu hicho kilikwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani upapase: kuna mshono uliojitokeza? Msumari? Kitambaa kilichokunjamana? Kigeuze uone soli, kama imelika upande mmoja tu kitakulaza mguu upande huo. Muuzaji hatakasirika. Naye anataka urudi.

Lipo jaribio rahisi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya sebuleni. Simama peku juu ya karatasi, mwambie mwenzako achore kuuzunguka unyayo wako, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Je, mchoro unatokeza nje ya kiatu? Basi kila siku unaukunja mguu wako kuingia mahali usipoenea. Jaribu viatu jioni, maana mguu huvimba kidogo kutwa nzima na cha asubuhi kitabana jioni. Jaribu vyote viwili ukiwa umesimama, kwa kuwa wengi wetu mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, uchague namba ya ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Na wewe mama uliyejifungua, huenda namba yako ya zamani si yako tena. Ujauzito huweza kuutanua mguu usirudi, na umri nao hufanya hivyo hivyo kwetu sote.

Kiatu ulichonacho kinabana kidogo tu? Mpelekee fundi viatu. Mafundi wetu wa vibarazani wanajua kutanua ngozi, kushona upya mshono unaokera na kuweka soli ya ndani yenye ulaini. Mwonyeshe mguu wenyewe, na mahali hasa panapouma. Mafundi, nanyi nawaombeni mwulize mteja swali hilo hata kama amekuja kwa gundi tu.

Wazazi, naomba tukae kidogo kwenye viatu vya shule. Tunanunua kikubwa ili kimfikishe mwakani, au tunampa mdogo kilichomtoka kaka yake. Hesabu ya nyumba inatulazimisha, nani asiyejua? Lakini mguu wa mtoto hukua haraka, na mtoto mwenye huruma kwa mzazi wake atanyamaza kiatu kikimbana kwa sababu amesikia mazungumzo ya pesa. Kwa hiyo tusingoje aseme. Kila muhula ukianza, bonyeza ncha ya kiatu chake akiwa amesimama, uone kidole kiko wapi. Kikiwa kikubwa mno, soli ya ndani na kamba zilizofungwa vizuri zitamshika. Soksi zake ziwe kavu, bila kifundo cha uzi penye vidole.

Baada ya kiatu, ndipo tuje kwenye beseni.

Kwa mtu mwenye afya njema, sugu nyingi hutunzwa nyumbani. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kwa dakika kama kumi, mpaka ngozi ilainike. Chukua jiwe la kusugulia, lilowanishe, usugue taratibu kwa muda mfupi. Usitake kuimaliza siku moja. Unaondoa tabaka jembamba leo, jingine keshokutwa, na unaacha mara tu ngozi inapoanza kuwa nyekundu au kuwaka. Suuza, kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta. Mafuta ya mgando yanafaa, na kwenye maduka ya dawa zipo krimu zenye urea zinazolainisha ngozi ngumu zaidi. Usipake katikati ya vidole. Pale panatakiwa pakavu.

Fanya hivyo jioni, mara kadhaa kwa wiki, huku ukiwa umebadilisha kiatu. Wiki chache zikipita utaona tofauti. Jiwe ni la mtu mmoja, kama mswaki ulivyo wa mtu mmoja. Lioshe, ulianike juani.

Zipo plasta na dawa za maji zenye asidi ya salisiliki. Hizo huyeyusha ngozi ngumu, lakini hazijui kutofautisha ngozi ngumu na ngozi nzima. Ukizitumia, kinga ngozi ya pembeni kwa mafuta ya mgando, fuata maelezo ya mfamasia, na ukiona pamekuwa pekundu au pana kidonda acha mara moja. Mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni na mwenye matatizo ya mzunguko wa damu asizitumie kabisa bila daktari. Na maji ya betri, ambayo nasikia bado wapo wanaoyapaka, hayana nafasi juu ya ngozi ya binadamu yeyote.

Kuhusu wembe nataka niseme kwa uwazi wote. Tusikate sugu kwa wembe, kisu wala mkasi. Sugu haina alama ya kukuonyesha ngozi iliyokufa inaishia wapi na hai inaanzia wapi, mkono ukiteleza damu imetoka, na jeraha la unyayoni hukanyagwa kutwa kwenye vumbi na maji ya mtaani. Wembe ukitumika kwa mtu wa pili huweza kubeba na maradhi ya damu ya yule wa kwanza.

Hapa nawaomba vijana wetu wanaotembea na vikapu vya kusafisha kucha. Kazi yenu ni halali na mikono yenu ina ustadi. Wewe kijana huenda ndiye mtu pekee aliyeushika unyayo wa yule mama kwa mwaka mzima. Ukiona kidonda, doa jeusi, au ngozi iliyobadilika rangi chini ya sugu, mwambie, “Mama, hapa mimi siwezi kupagusa, nenda hospitali.” Uliza kila mteja kama ana kisukari kabla hujachukua jiwe. Wembe uuache nyumbani.

Kwa nini nasisitiza kisukari? Kwa sababu sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu huacha kuuma, na mwenye nao hufurahi akidhani amepona. Daktari Paul Brand, mpasuaji wa asili ya Uingereza aliyeanza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, alilielewa jambo hili kwa wagonjwa wa ukoma. Aliona kwamba vidole vyao havikuwa vinaoza kwa ukoma wenyewe. Walikuwa wanajiumiza bila kusikia, wakaendelea kutembelea majeraha. Maumivu yaliyotoweka ndiyo yaliyokuwa hatari yao, na mguu wa kisukari uko hivyo hivyo.

Hapa kwetu madaktari wa Dar es Salaam waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliogugunwa miguu na panya usiku, wamelala, bila kusikia. Fikiria mtu asiyesikia meno ya panya. Atasikia sugu? Kwake sugu nene hubaki ikikandamiza nyama kila hatua, nyama huvunjika kwa ndani, na kidonda hutengenezwa chini ya ngozi ngumu kabla hakijaonekana juu. Damu kavu au weusi chini ya sugu ndiyo alama yake. Vidonda vya namna hiyo, vikichelewa, huishia kwenye kukatwa mguu.

Na vingi vinazuilika. Mwaka 2004 ulianza mradi wa Step by Step nchini Tanzania na India, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam akiwa mmoja wa viongozi wake. Madaktari na wauguzi walifundishwa wawili wawili namna ya kuikagua miguu, kuondoa sugu kwa usalama na kutibu vidonda mapema, wakarudi kufanya kazi hiyo vituoni kwao. Mtaalamu aliyefundishwa ndiye wa kuipunguza sugu ya mwenye kisukari. Nyumbani mgonjwa mwenyewe aoshe miguu bila kuiloweka, maji yapimwe kwanza kwa kiwiko au na mtu mwingine, aikaushe, apake mafuta, na asitembee peku hata ndani.

Mzee wetu hawezi kuinama kuona unyayo wake? Nani nyumbani ana macho mazuri? Mjukuu wa darasa la nne anatosha. Mpe tochi, mwambie amtazame babu miguu kila jioni na aseme akiona kidonda, uvimbe, rangi mpya au mahali penye joto. Mtoto atajifunza kitu, na babu atakuwa amepata dakika tano za mjukuu.

Na kazini tufanyeje? Mwajiri, unaponunua buti za wafanyakazi, chukua namba ya kila mmoja badala ya kununua dazeni za namba mbili. Msimamizi wa duka, je, mhudumu wako akikaa kwenye kigoda wakati hakuna mteja, biashara itapungua nini? Wewe unayesimama kutwa, kuwa na jozi mbili za viatu upishane nazo, ili jasho la jana likauke. Wazee wenzangu mtakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, watu walivyokaa vikundi vikundi kuisikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Hakuna aliyengoja mgeni aje kumchimbia. Miguu nayo ni ya kutunzwa kwa namna hiyo, katika kikundi cha vikoba, jumuiya, madrasa na kijiwe cha bodaboda.

Nenda kituo cha afya ukiona haya: sugu inayotoa usaha au harufu, wekundu na uvimbe unaopanda, kidonda kisichofunga, maumivu yanayokunyima usingizi, au ganzi ambayo huna maelezo nayo. Kwa ganzi hiyo upimwe sukari, na ikiambatana na baka la ngozi lisilosikia, uchunguzwe ukoma, ambao una dawa na unapona.

Na wewe ndugu mwenye kisukari, mwezi huu utakapokwenda kliniki, vua viatu na soksi mwenyewe, usingoje kuambiwa, umwombe muuguzi aitazame miguu yote miwili.